Jiwe la Msingi, Kabla Hujalilipia

Kinama haina jiwe lake. Chimba choo, chimba shimo la taka, chimba kisima: utakutana na mchanga, udongo wa mfinyanzi, changarawe za mto uliokwisha kuhama, kisha mchanga tena. Mtaa wetu uko kaskazini mwa Bujumbura, juu ya uwanda wa Imbo, na uwanda wenyewe si kingine ila mashapo, yaani takataka za milima zilizoletwa na maji zikaachwa hapa. Kila jiwe unaloliona kwenye msingi wa nyumba ya Kinama ni mgeni. Na mgeni kwetu hukaribishwa kwanza, maswali baadaye. Kwa jiwe fanya kinyume.

Swali la kwanza ni anakotoka. Simama barabarani asubuhi, kabla vumbi halijaamka, utazame mashariki: ule ukuta wa milima ni Mumirwa, unapanda hadi kwenye mgongo wa milima wa Kongo-Nili. Geuka magharibi, ng'ambo ya mto Rusizi, utaona ukuta wa pili, milima ya Uvira. Kuta hizo zamani zilikuwa nchi moja. Zikapasuka. Bara la Afrika linachanika taratibu hapa, bamba la Nubia likielekea huku na bamba dogo la Victoria likielekea kule, milimita chache tu kwa mwaka, na ardhi ya katikati imezama kama godoro lililochoka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na uso wake uko kama mita 770 juu ya bahari. Toa hesabu: sakafu ya ziwa iko mita 700 chini ya usawa wa bahari. Kusini-mashariki mwa mji umesimama Heha, mlima mrefu kuliko yote nchini Burundi, mita 2,684. Tofauti yote hiyo ni kazi ya ufa.

Mnunuzi wa mawe inamhusu nini? Inamhusu sana. Ufa umefungua duka. Umeinua na kuanika miamba ambayo ingebaki imefichwa chini, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, iliyokaangwa na kubanwa kilindini hata ikabadilika sura. Mvua inaikata, mito ya Ntahangwa, Muha, Kanyosha na Mugere inaiteremsha, na vijana walioingia mtoni na sururu wanaipakia kwenye kamyo, kama tunavyoliita lori huku. Jiwe zuri na jiwe bovu yanasafiri gari moja kwa bei moja. Ndiyo maana ya mwongozo huu.

Kanuni yangu ni moja, na zilizobaki ni watoto wake: jiwe halihukumiwi kwa ngozi, linahukumiwa kwa mpasuko mbichi. Ngozi inadanganya. Vumbi la Imbo hupaka kila kitu rangi moja, na mvua ikinyesha kila jiwe lililolowa linang'aa kama limetoka kwa sonara. Chukua jiwe moja kutoka chini ya mzigo, si la juu. La juu limewekwa kwa ajili yako. Lipige nyundo mara moja, kwa nguvu, kisha usitazame kwanza. Sikiliza. Jiwe zima hulia, jiwe bovu hukohoa. Ukisikia mlio mkavu unaokaa sikioni, jiwe hilo ni kitu kimoja. Ukisikia "bu", kama umepiga gunia, ndani mna nyufa au uozo, na hata likikataa kupasuka leo litapasuka siku nyingine, chini ya ukuta wako.

Sasa tazama.

Ukiona uso wenye chembe zinazometa kama sukari, zimeshikana hata huoni mpaka kati ya moja na nyingine, na kingo zinakata kidole, shukuru. Hilo ni kwatzaiti. Lilianza maisha yake kama mchanga wa kawaida, likazikwa, likapata joto na mgandamizo, chembe zikaungana. Mchanga wa kawaida uliogandamana huvunjika kwa kupita pembeni mwa chembe. Kwatzaiti huvunjika kwa kukata chembe katikati, kwa sababu kiungo kimekuwa kigumu sawa na chembe yenyewe. Jaribu kisu: hakitaacha mkwaruzo, kitaacha mstari wa kijivu, na mstari huo ni chuma cha kisu kilicholika. Friedrich Mohs, Mjerumani, mwaka 1812 aliyapanga madini kwa ngazi kumi za ugumu kwa kuyakwaruza moja kwa jingine. Kwatzi, ambalo ndilo chembe za kwatzaiti, liko ngazi ya 7. Kioo cha dirisha kiko kama 5.5, kucha ya binadamu kama 2.5. Mfukoni mwa fundi, basi, tayari mna maabara: kucha, kisu, kipande cha chupa.

Ukiona jiwe zuri kupita kiasi, linalometameta kama sketi ya bibi harusi, jihadhari. Huyo ni shisti, na ule mng'aro ni ulanga. Ulanga ni madini ya kurasa: yanabanduka karatasi baada ya karatasi, nyembamba kuliko ya daftari. Jiwe lililojaa ulanga limepangwa kama chapati ya kusukuma, tabaka juu ya tabaka, na maji yanajua kuingia kati ya tabaka kuliko mwizi anavyojua dirisha. Lisimamishe wima kwenye ukuta na baada ya misimu michache linafunguka kama kitabu. Kama huna budi kulitumia, lilaze kwa bapa lake, tabaka ziwe mlalo, uzito wa nyumba uzibane badala ya kuzifungua. Nimeona mafundi wa miaka thelathini kazini wakilisimamisha kwa sababu upande mpana unapendeza ukitazama barabara. Unapendeza, ni kweli.

La tatu ni itale na ndugu yake naisi, lenye mistari. Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa, kwa sababu itale lina jina kubwa. Wanasikia itale wanafikiri jambo limekwisha. Ndani yake mna madini matatu: kwatzi, ulanga na feldspa. Kwatzi haliozi. Feldspa, katika joto na mvua yetu, inaoza na kugeuka udongo mweupe, ule ule ambao mfinyanzi anautafuta. Kwa hiyo geuza mpasuko mbichi kwenye jua. Feldspa nzima ina nyuso bapa zinazorusha mwanga mara moja, kama kioo kidogo, ukigeuza mkono zinazimika zote pamoja. Iliyooza ni nyeupe butu kama unga wa muhogo, na kucha inaichimba. Ukitaka hakikisho, dondosha tone la maji juu ya mpasuko. Likikaa limevimba, chukua jiwe. Likinywewa papo hapo, mwachie mwenyewe.

Basalti, jiwe jeusi la volkeno, liko upande wa Cibitoke na ng'ambo huko Bukavu. Ukilipata zima, halina matundu, ni zito na linalia vizuri, ni jiwe la heshima. Sina zaidi la kusema juu yake, kwa kuwa katika mizigo ya Kinama si la kila siku.

Kuna ubishi wa zamani kati ya jiwe la mto na jiwe la machimbo. Wanaopenda la mto wanasema limekwisha kufanya mtihani: limegongana na wenzake tangu mlimani, dhaifu wote wamekuwa mchanga njiani, lililofika ni lile lililoweza. Hoja hiyo ni ya kweli kabisa. Lakini mtihani uleule umelinyoa. Jiwe la duara halishikwi na saruji, linaviringika kwenye tope lake kama yai kwenye sahani. Hukumu yangu: nunua la mto, lakini lipasue mara mbili angalau, na uso uliopasuka ndio uguse saruji. Na katika kila safu ya ukuta weka mawe marefu machache yanayovuka unene wote, kutoka nje hadi ndani. Ukuta usio na jiwe la kufunga ni kuta mbili nyembamba zilizoegemeana, na siku zikitikiswa kila moja inashika njia yake.

Kutikiswa kupo. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie, na tarehe 3 Februari 2008 likaja la karibu 6 huko Bukavu. Ufa haujamaliza kazi. Na mashapo laini kama haya yetu hucheza zaidi kuliko mwamba wa mlimani. Ni sawa na kutikisa bakuli la uji na bakuli la ugali.

Tuje kwenye mchanga, ambao watu wanaununua wamefumba macho. Mchanga ni jiwe lililofika mwisho wa safari. Ulio karibu na mlima bado una pembe. Usugue kati ya viganja karibu na sikio, utasikia ukilalamika. Huo ni wa zege. Uliosafiri mbali uwandani ni laini, umenyamaza, na mara nyingi umechanganyika na tope. Ukikamata konzi ya mchanga wenye unyevu ukafungua mkono, mzuri unasambaa na kiganja kinabaki safi kiasi. Wenye tope unabaki donge na kukuachia mkono wa mfinyanzi.

Nilijenga ukuta wangu wa kwanza kwa mchanga ambao sikuupima. Lipu ilikaa msimu mmoja wa mvua, kisha ikaanza kubanduka kwa vipande vikubwa kama ganda la yai, na mimi nikalaumu saruji, nikamlaumu fundi, nikalaumu hata mbuzi wa jirani aliyekuwa akijikuna pale. Nilipochukua kipande na kukiponda kiganjani, kiling'aa chote. Ulanga tupu, umelala bapa kama magamba ya dagaa, na tope katikati.

Tangu siku hiyo sinunui bila chupa. Chukua chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, jaza mchanga hadi nusu, maji hadi karibu na shingo, chumvi kidogo ili tope lishuke upesi. Tikisa kwa nguvu, weka mahali tulivu, uende ukanywe chai. Rudi baada ya saa tatu. Chembe nene zimetua kwanza, juu yake laini, juu kabisa utando wa tope wa rangi ya kahawa ya maziwa. Pima kwa rula. Mchanga ukiwa sentimita 10 na tope likipita milimita 8 hivi, mwambie mwenye kamyo asipakue. Na ukiona vijigamba vinavyometa vimetanda juu ya maji au vinazunguka bila haraka ya kutua, umemkuta ulanga mwenyewe.

Itazame tena chupa hiyo kabla hujaimwaga. Ndivyo Rusizi inavyofanya kila siku inapoingia ziwani: mwendo wa maji unapungua, kizito kinaanguka mlangoni, chepesi kinakwenda mbali, tope linatua mwisho kwenye kina. Ndivyo ilivyotengenezwa ardhi unayoikanyaga Kinama, tabaka kwa tabaka, mafuriko kwa mafuriko.

Mafuriko hayo hayajakoma pia. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua ya milimani ilishusha maji, tope na mawe juu ya mitaa yetu ya kaskazini. Watu zaidi ya 60 walikufa. Kuta za rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo, ziliyeyuka kwa kulowa kuanzia chini. Sina neno baya juu ya rukarakara. Ni ya bei ya mtu wa kawaida na nyumba yake ni baridi mchana. Lakini haipaswi kugusa ardhi. Jiwe lipande juu ya uso wa ardhi, hadi magotini ikiwezekana, ndipo udongo uanze. Ukiwa na fedha za kutosha kwa kitu kimoja tu, vigae vya sakafu au safu mbili zaidi za mawe, nunua mawe.

Kuna aibu moja ndani ya ubingwa huu. Jiwe zuri la mto likitolewa, mto unabaki bila breki, unachimba sakafu yake, kingo zinaporomoka. Nyumba za kandokando ya Ntahangwa zimekwisha kuanguka korongoni. Uliza jiwe limetoka sehemu gani ya mto, na kama limetoka chini ya ukingo wenye nyumba, liache hata likilia kama kengele.

Mwisho, nyundo iwe yako. Ya muuzaji siku zote imesahaulika nyumbani.