Alama za Vidole: Uhakiki wa Istilahi Moja Yenye Kazi Nyingi

Imetufikia rasimu ya mwongozo mfupi wa Kiswahili uliokusudiwa watendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji na askari mgambo wa Kibiti na delta ya Rufiji. Mwongozo unaeleza namna ya kulinda mahali palipotendeka uhalifu, pamoja na misingi ya ushahidi wa alama za vidole. Waliofasiri wametuomba tuutazame kwa upande wa istilahi. Hatutawataja, maana makosa tutakayoyaonyesha si yao peke yao. Aghalabu ni yetu sote tunaoandika na kufasiri habari za polisi na mahakama.

Haja ya mwongozo huo katika sehemu zile haihitaji kuelezwa sana. Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na vitongoji, raia na askari waliuawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 peke yake, askari polisi 8 waliuawa Mkengeni, Kibiti. Ni katika miaka hiyo msemo wa "watu wasiojulikana" ulipoenea magazetini na midomoni hata ukakaribia kuwa istilahi. Kazi ya elimu ya alama za vidole ni kumtoa mtu katika kundi hilo la wasiojulikana. Inayo kazi ya pili, nayo husahauliwa: kumtoa asiyehusika katika kundi la washukiwa. Mwongozo unaoharibu maneno huweza kuziharibu kazi zote mbili.

Tuanze na yaliyo mepesi. Rasimu inasema "mandhari ya uhalifu". Mandhari ni yale mtu ayaonayo akisimama Nyamisati na kutazama mikoko wakati maji yanajaa. Mahali alipouawa mtu si mandhari. "Eneo la tukio" limekwisha kuzoeleka, linaeleweka na mtendaji wa kata na hakimu vile vile, wala hatuoni sababu ya kulibadili.

Kosa la pili si jepesi hata kidogo, ijapokuwa linachekesha. Ukurasa wa sita unamwagiza mpelelezi "afute vumbi kwenye sehemu zenye alama za vidole". Mfasiri amekutana na kitenzi cha lugha ya kigeni chenye maana mbili zinazopingana, kuondoa vumbi na kunyunyizia unga, akachagua ile ya mfagizi wa nyumba. Mgambo mtiifu akifuata agizo hilo, atakuwa amepangusa ushahidi wote kwa kitambaa. Ilipasa kuandikwa "anyunyizie poda", na iongezwe kwamba poda hufaa juu ya kitu kikavu na laini, kama kioo, bati lililopakwa rangi au plastiki. Karatasi hutendewa kwa dawa nyingine iitwayo ninhidrini, ambayo hugeuza jasho la kidole kuwa rangi ya zambarau. Kitu kilicholowa hakipokei poda kavu. Hutumiwa chembe nyeusi laini zilizochanganywa na maji yenye sabuni. Katika delta, ambako karibu kila kitu kimelowa au kitalowa kabla ya jioni, maelezo haya yangestahili ukurasa mzima. Rasimu imeyapa mstari mmoja.

Sasa tufikie jambo lililotufanya tuandike. Twanukuu sentensi moja ya rasimu: "Polisi walichukua alama za vidole za mshitakiwa nyumbani kwa marehemu." Tunamwomba msomaji aisome mara mbili. Je, polisi walimpeleka mshitakiwa nyumbani kwa marehemu, wakampaka wino vidoleni na kuvibonyeza juu ya karatasi? Au walikuta katika nyumba ile, juu ya kitasa au sahani, alama ambazo baadaye zilitambuliwa kuwa zake? Sarufi inaruhusu maana zote mbili. Katika maana ya kwanza sentensi haithibitishi lolote, kwani kila mtu ana vidole. Katika maana ya pili inaweza kumtia mtu gerezani.

Chanzo cha utata huu kimo katika historia ya msemo wenyewe. Alama za vidole hazikutujia kwanza kwa mlango wa upelelezi, zilitujia kwa mlango wa karani. Huko Bengali, mwaka 1858, mtawala wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja abandike chapa ya mkono wake juu ya mkataba ili asije akaukana. Ofisi ya kuhifadhi na kupanga alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na utaratibu wake, ambao sehemu kubwa ilikuwa kazi ya Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ukapelekwa London mwaka 1901 kwa jina la mkubwa wao, Edward Henry. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyao. Katika siku zetu vimefuata vitambulisho vya taifa, uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2015, na usajili wa laini za simu ulioanza Mei 2019. Katika mambo yote hayo mwananchi ameitwa, akasimama mbele ya meza, akatoa kidole, nazo alama "zikachukuliwa". Hata mkulima wa mpunga au mkata boriti ambaye ngozi ya vidole imelika kwa kazi, mashine ikamkataa, husema "vidole vyangu havisomi". Kwa hiyo Kiswahili cha watu kina maana moja iliyo thabiti: alama itolewayo kwa kujua. Alama iachwayo bila kujua, ambayo ndiyo hasa ya mpelelezi, imevalishwa nguo ile ile.

Zamani madhara ya utata huu yalipungua kwa njia isiyotupa fahari. Shahidi alisema kwa Kiswahili, na katika mahakama za juu hakimu aliandika kwa Kiingereza, akamwuliza maana palipokuwa na shaka. Tangu sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, neno la Kiswahili ndilo linaloweza kubaki katika kumbukumbu za kesi na kusomwa na majaji wa rufani wasiomwona shahidi.

Tutoe mfano wa kubuni. Injini ya boti imeibwa Mbwera, ikapatikana imefichwa katika mikoko. Mbao za mtumbwi ni kavu zenye nyuzi, hazikuhifadhi kitu. Lakini kifuniko cha injini ni laini, na juu yake imeonekana alama ya kidole cha jirani. Jirani anasema wiki iliyopita alimsaidia mwenye injini kuibeba wakati wa bamvua. Alama haiwezi kumpinga wala kumwunga mkono, kwa kuwa alama ya kidole haina tarehe. Inasema nani aligusa. Haisemi lini, wala kwa nia gani. Watu wa delta hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa maneno makubwa. Wajua kwamba unyayo juu ya tope una umri unaopimika, kwani maji yakijaa huufuta, na aliyeuacha alipita baada ya maji kupwa. Alama ya kidole juu ya plastiki haina maji ya kuipimia namna hiyo. Lakini rasimu, kila inapotaja alama zilizokutwa kwenye eneo la tukio, inaziita "alama za mhalifu". Kwa mfasiri huyo jirani amekwisha kuhukumiwa kabla ya kesi kuanza. Magazeti yetu yanayo desturi hiyo hiyo.

Pendekezo letu ni hili. Inayotolewa kwa kujua, kwa wino au kwa mashine, iitwe "chapa ya kidole", na kitenzi chake kiwe "kupiga chapa". Neno lenyewe linabeba maana ya tendo la makusudi, kama chapa ya ng'ombe. Inayoachwa kwenye kitu iitwe "alama ya kidole". Nayo "huibuliwa" kwa poda au dawa, kisha "hubanduliwa" kwa utepe wa gundi. "Kuchukua" kuachwe kabisa katika maandishi ya mahakama. Basi ile sentensi itakuwa ama "polisi walimpiga mshitakiwa chapa za vidole", ama "polisi waliibua alama za vidole nyumbani kwa marehemu". Hakuna atakayezichanganya.

Tulilifikiria pia neno "athari", ambalo katika Kiarabu lina maana ya alama iliyobaki. Tumeliacha. Mtumishi wa serikali wa leo akisoma "athari za vidole" atadhani vidole vimeleta madhara. Ama "alama fiche" ni istilahi nzuri, lakini rasimu imeitumia kwa alama zote za eneo la tukio. Alama iliyo katika damu au rangi mbichi haikufichika. Huonekana kwa macho. Fiche ni ile tu isiyoonekana mpaka iibuliwe.

Limebaki neno "kufanana". Rasimu inasema mtaalamu hutazama kama alama mbili "zimefanana au hazikufanana". Kwa Kiswahili mapacha hufanana, na bado ni watu wawili. Tena hata mapacha wa yai moja hawana vidole vya namna moja. Mtaalamu hulinganisha matuta ya ngozi, akitazama tuta linapoishia na linapofanya panda kama mto unavyogawanyika. Majibu yake yaweza kuwa matatu: alama na chapa ni za kidole kimoja, si za kidole kimoja, au alama haitoshi kuamua. Jibu la tatu halimo katika rasimu, nalo ndilo linalomwokoa mtu pale alama ilipokuwa nusu au imekwaruzika. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, wapelelezi wa Marekani walimkamata wakili wa Oregon kwa kudai kwamba alama iliyokutwa kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu ni yake. Polisi wa Hispania wakaitambua kuwa ya mtu mwingine, na Wamarekani wakaomba radhi. Alama zile zilikuwa zimefanana kweli. Hazikuwa za mtu mmoja. Kwa sababu hiyo twapendekeza "ni za kidole kimoja" pale mtaalamu anapokusudia hivyo, na itajwe daima kwamba hayo ni maoni ya mtaalamu, kama Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inavyoyahesabu.

Majina ya michoro ya ngozi hayatatuchukua muda. "Tao" linafaa, na "mviringo" pia. "Kitanzi" ndilo lililozua ubishi kwetu, kwani kuandika katika hati ya mahakama kwamba mshitakiwa "ana kitanzi katika dole gumba la kulia" kunaweza kumtia mtu baridi. Hata hivyo vitanzi ndivyo vilivyo vingi katika vidole vya wanadamu, na mvuvi anayefunga kamba kila siku hashtushwi na neno hilo. Tumelikubali kwa shingo upande.

Hatujapata jina la alama inayobonyea katika kitu laini, kama sabuni, nta au udongo wa ufinyanzi. "Alama bonyeo" imependekezwa, na hatukuipenda. Wasomaji walio Kibiti, Rufiji na Mafia, hasa wafinyanzi na waunda mitumbwi, wanaombwa watuletee neno walitumialo, kabla rasimu hii haijarudishwa kwa wenyewe.