Nani Anamtengenezea Takumi Gari?

Kuna swali ambalo sisi mashabiki wa Initial D huwa hatuulizani: gari la Takumi hutengenezwa saa ngapi? Kila alfajiri kijana anapanda na kushuka Mlima Akina kupeleka tofu hotelini. Mchana yuko shule. Usiku anashindana na watu wenye magari mapya yenye nguvu maradufu. Sprinter Trueno yake ilishakuwa kuukuu hata kabla hadithi haijaanza. Breki zinapikwa, tairi zinaliwa, klachi inateswa kona baada ya kona. Na bado kesho yake alfajiri anazungusha ufunguo na gari linashika, mara ya kwanza, bila kukohoa.

Yeyote aliyewahi kumiliki gari la Kijapani lenye umri mkubwa kuliko wake anajua kwamba hiyo ndiyo ndoto kubwa kuliko zote ndani ya hadithi hii. Kwamba mtu anaweza kuteleza kona tano mfululizo bila kugusa ukuta, naweza kukubali. Gari kuukuu lisilo na siku mbaya? Hapana, bana.

Nasema hivi kama mtu anayeipenda. Shuichi Shigeno alianza kuichapisha manga hii mwaka 1995 katika jarida la Young Magazine la Kodansha, akaifikisha mwisho 2013 kwa juzuu 48. Anime ilianza 1998, na ndiyo iliyotufikia wengi wetu hapa, ikipita mkono kwa mkono kwenye flashi. Takumi Fujiwara ni mwanafunzi asiyejali magari. Baba yake, Bunta, ana duka la tofu. Gari ni Toyota AE86, aina iliyotengenezwa kati ya 1983 na 1987, injini ya 4A-GE yenye 1,587cc, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Haikuwa gari la tajiri. Ilikuwa gari la kijana aliyebahatika kidogo, na miaka kumi baadaye ikawa gari la kubebea mzigo.

Hapo ndipo Shigeno alipopatia sana. Shujaa wake ni gari la kazi. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa jambo hilo. Tumeona Probox inayobeba watu tisa na magunia mawili. Tumeona Hilux za miraa zikishuka kutoka Meru, maana mzigo ule ukichelewa unapoteza thamani. Tunajua kwamba dereva hodari si lazima awe mtu wa mashindano. Anaweza kuwa mtu aliyepewa mzigo na saa. Bunta humwekea mwanawe kikombe cha maji ndani ya gari: kisimwagike, ili tofu isivunjike. Wengi hukiona kikombe kile kama siri ya kwenda mbio. Mimi nakiona kama somo la utunzaji. Anayeendesha bila kumwaga maji hapigi breki kwa hasira, hatupi uzito wa gari ovyo huku na huku, na bushi zake zitadumu kuliko za jirani.

Tatizo langu linaanza pale gari linapoharibika. (Kama hujafika mwisho wa hadithi, ruka aya hii.) Injini ya Takumi inapasuka katika nyakati mbili kubwa. Ya kwanza ni Akagi, anaposhindana na Kyoichi Sudo mwenye Lancer Evolution. Ya pili ni shindano la mwisho kabisa, dhidi ya kijana mwingine mwenye 86, ambapo Takumi anavuka mstari gari likijiviringisha kinyumenyume, injini imekufa. Zote mbili ni kifo cha kishujaa. Moshi, kimya, machozi. Baada ya kifo cha kwanza, Bunta anatoa injini ya mashindano aliyokwisha kuitafuta na kuifunga badala ya ile ya zamani. Wiki kadhaa, maisha yanaendelea.

Magari kuukuu hayafi hivyo. Hufa polepole, kwa mpira wa bei ya chakula cha mchana. Hufa kwa rejeta inayovuja tone moja kila usiku mpaka siku inayochemsha na gasketi ya kichwa kuungua. Hufa kwa waya wa ardhi uliooza, kwa kutu chini ya mazulia, kwa mmiliki aliyechoka kuuliza maswali. Kati ya gari kupona na gari kuuzwa kama chuma chakavu mara nyingi pana jambo moja tu: je, kuna mtu aliyeweza kusoma dalili?

Nina DX. Yaani Corolla ya KE70, ile ambayo hapa kwetu tuliipa jina la DX na likashika. Injini ni 4K, 1,290cc, kabureta, hakuna kompyuta yoyote. Ni ndugu wa karibu wa 86: mwaka 1983 Toyota ilipohamishia Corolla mpya kwenye magurudumu ya mbele, 86 ilibaki na mpangilio wa zamani wa kusukumwa na nyuma, mpangilio wa kina DX. Kwa muda wa miezi miwili gari langu lilikuwa na ugonjwa mmoja. Linawaka vizuri asubuhi, linatembea dakika ishirini, halafu kwenye mpando linaishiwa pumzi na kuzima. Ukilipumzisha robo saa, linashika tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Gereji ya kwanza iliuza dawa tatu. Kwanza pampu ya petroli. Kisha koili. Kisha kabureta nzima ya mtumba. Kila moja ilikuwa dhana yenye mantiki fulani, maana koili ikipata joto kweli huweza kukata moto na kurudi ikipoa. Lakini hakuna dhana iliyopimwa. Ilikuwa kubadilisha na kuombea.

Fundi wa pili ni mzee anayefanya kazi kwenye kichochoro nyuma ya Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Hakufungua boneti. Aliuliza.

“Kijana yangu, inazima ghafla ama inajikokota kwanza?”

“Inajikokota, mzee. Inamisi kidogo, halafu inaisha.”

“Basi si moto. Moto ukikatika, gari inazima kama taa. Hii inakosa chakula.” Akawaza kidogo. “Siku ikizima, ushawahi fungua kifuniko cha tangi?”

Sikuwahi. Tukaenda naye mpaka ikazima, akafungua kifuniko, na tangi likavuta hewa kwa sauti ambayo hata watu wa pembeni waliisikia. Kijibomba cha tangi kupumulia kilikuwa kimezibwa. Petroli ilikuwa inatoka na hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Ukingoja robo saa, hewa inajipenyeza kidogo kidogo na gari linapata nafuu. Aliyeziba ni nyigu, wale wa kujenga kwa matope. Dawa ilikuwa kipande cha waya.

Hicho ndicho kipande ambacho Initial D haina, na ndicho ninachokililia. Mzee yule alifanya kazi ya mhakiki: alianza na dalili, akatenganisha maana mbili zinazofanana, akatafuta ushahidi utakaoiua moja. Kuna mchezo wa kuigiza wa kutosha hapo kujaza sura nzima ya manga. Shigeno mwenyewe anaonekana kujua, kwa sababu Bunta ni mtu wa aina hiyo. Anamsikiliza mwanawe akirudi na gari na kujua alivyoendesha. Anapofunga ile injini mpya, haelezi kitu. Anamwacha Takumi alalamike kwamba gari halimridhishi mpaka kijana ajue mwenyewe kinachokosekana. Baadaye, kwenye timu ya Project D, kuna fundi kabisa, Matsumoto, ambaye kazi yake ni 86. Lakini mikono yao tunaiona kwa kupita tu. Hadithi inajua kwamba kazi ile ipo, na kila mara inapoikaribia inakimbilia barabarani.

Lawama si ya Shigeno peke yake. Zile video za kurudishia magari uhai, ambazo nami huzitazama hadi saa nane usiku, zina ugonjwa uleule. Kutu, sauti ya grainda, rangi inayong’aa, gari linatoka nje. Miaka miwili imekuwa dakika ishirini, na kilichokatwa ni siku zile mtu amesimama ameshika taa na hajui. Tunabaki tukidhani kuhifadhi ni kununua na kupaka. Mtazamaji anakuja na hela za rangi na magurudumu, na hajui plagi zake zinamwambia nini.

Na plagi husema. Ukiitoa ikiwa na rangi ya kahawia, injini inakula sawa. Masizi meusi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo na joto ni kali. Nyeusi yenye mafuta ya kung’aa, oili inapita kwenye pete au kwenye vali. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani itamwaga petroli kupita kiasi huku juu. Mwenye gari atauziwa plagi nne mpya, zitakuwa nyeusi tena kabla ya mwezi kuisha, atauziwa nyingine. Kosa liko kwenye jeti ya kabureta, na hakuna aliyesoma.

Sasa, kwa nini nahangaika na haya kana kwamba ni suala la maisha? Kwa sababu hadithi ndiyo huamua gari gani litaishi. Mwaka 2021 Toyota iliiingiza AE86 kwenye mradi wake wa GR Heritage Parts, ikaanza kutengeneza upya baadhi ya vipuri vyake. Mwaka 2023, kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo, ikaonyesha 86 mbili: moja inayotumia haidrojeni, nyingine ya umeme. Siamini hayo yangetokea bila kijana wa tofu. Hata Safari Rally ilifanya kazi hiyohiyo. Datsun 240Z ilishinda hapa 1971, na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Joginder Singh akashinda na Mitsubishi Lancer 1974 na 1976. Leo 240Z ya 1971 iko Japani, Nissan wameitunza. Udongo wetu ndio uliolipa jina.

DX haina manga. Haitatengenezewa vipuri na mtu yeyote kwa ajili ya mapenzi. Kinachoiweka hai ni kwamba injini za familia ya K ziliendelea kutumika kwenye magari ya jasho: LiteAce, Kijang za Indonesia, hata foklifti za 5K kwenye maghala. Gasketi yangu ya mwisho niliipata duka la Grogan kwa sababu mahali fulani foklifti bado inainua mizigo. Naona haki fulani katika hilo. Lakini haiwezi kudumu milele, na sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe. DX zilizopo ndizo zote. Kila moja inayopelekwa skrapu kwa sababu “kabureta imesumbua” haina mbadala, na pengine ilikuwa na nyigu tu.

Mafundi wanaoweza kuzisoma pia wanapungua. Vijana wanaoingia gereji leo wanaanza na mashine ya kuchomeka inayotoa namba ya kosa. Siidharau, kwenye Fielder au Demio inaokoa muda. Ila hata namba ile ni dalili tu. Inaweza kusema kihisio fulani kinalalamika na isiseme kama kihisio ndicho kibovu ama kinasema ukweli. Asiyejifunza kuuliza “ghafla ama inajikokota?” atabadilisha kihisio kama vile yule wa kwanza alivyobadilisha koili yangu.

Kwa hivyo, hukumu yangu. Initial D ibaki mahali ilipo: ni hadithi bora kuhusu kuendesha, na haina mshindani katika kuonyesha kwamba gari la hali ya chini linastahili heshima. Isomeni. Lakini tusiitegemee ituambie kuhifadhi ni nini, maana haijui, au inajua na inanyamaza. Ningependa mtu wa rika letu aandike ile nyingine: ya mzee wa kichochoroni, ya mteja anayedanganya kuhusu lini alibadilisha oili, ya gari ambalo halishindi chochote ila linafika Limuru na kurudi. Kichekesho kimo, huzuni imo, na fumbo limo kila siku.

Tukisubiri, mimi nina daftari la shule kwenye dashibodi, la kurasa 96. Tarehe, kilomita, dalili, nilichopima, nilichokuta, nilichobadilisha. Mzee yule ndiye aliyesema nilinunue, na ukurasa wa kwanza una mwandiko wake: “Tangi – hewa.” Atakayeinunua DX hii siku moja atapewa daftari pamoja na funguo.