Ng'ombe Ametoka kwa Nani?

Hapa Gisenyi, kaskazini magharibi mwa Rwanda, dola halijifichi. Kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, akina mama huvuka kwenda Goma, upande wa Kongo, na mboga kichwani tangu alfajiri, na kila mmoja sharti aonyeshe kitambulisho. Lakini dola hilo lilifikaje katika eneo hili letu la Bugoyi, ambako ardhi ilikuwa ya koo zilizofyeka msitu, kwa utaratibu wa ubukonde? Namna ya kuuliza swali hilo nimejifunza katika kitabu kinachohusu ncha nyingine ya Ziwa Kivu, kule kusini Kinyaga: The Cohesion of Oppression cha mwanasayansi wa siasa Catharine Newbury, kilichotoka mwaka 1988.

Newbury aliwaendea wazee wa Kinyaga, akawauliza habari za koo zao: bwana wenu alikuwa nani, mlimpa nini, naye aliwapa nini? Kisha akalinganisha majibu yao na nyaraka za wakoloni. Ustadi wake ni kutenganisha mambo ambayo wengine waliyafunga pamoja. Katika umuheto, ng'ombe alitoka kwa ukoo kwenda kwa mkubwa, na ukoo mzima ukapata ulinzi. Katika ubuhake, ng'ombe alitoka kwa bwana kwenda kwa mtu mmoja, na huyo akabaki na deni la utumishi. Kwa kufuatilia ng'ombe tu, Newbury anaonyesha jinsi ulinzi wa ukoo ulivyofifia na mtu akabaki peke yake mbele ya chifu.

Halafu anafika kwenye uburetwa, kazi ya lazima kwa chifu, iliyoletwa enzi za mwami (mfalme) Rwabugiri na kukazwa na Wabelgiji. Iliwaangukia Wahutu; Mtutsi, hata akiwa fukara, hakuitwa. Majina hayo yalikuwepo zamani, lakini jembe la chifu liliyapa uchungu mpya. Hoja nzito namna hii ameijenga kwa ushahidi mdogomdogo, ukoo kwa ukoo, bila pupa.

Lakini huku kwetu kaskazini magharibi mamlaka ya mwami yalikazwa kwa msaada wa Wajerumani na Wabelgiji, na wenye ubukonde waliyapinga. Kwa hiyo anayetaka kuielewa Bugoyi asiazime majibu ya Kinyaga. Aazime maswali, na subira ya kumsikiliza mzee mpaka amalize.