Mambo Yaliyojengwa na Watu: Podikasti za Falsafa na Mchezo wa Redio wa Bujumbura

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki aina moja ya masimulizi ya kisasa ambayo wanafunzi wetu wengi, na baadhi yetu walimu, tumeanza kuizoea: podikasti za falsafa, yaani vipindi vya sauti vinavyorekodiwa, kuwekwa katika intaneti na kusikilizwa kwa simu wakati wowote. Hatutagusa vipindi vyote. Tutashughulika na vile vinavyoeleza nadharia ya ujenzi wa kijamii na kuitumia kupimia mambo ya leo, kama vile ukabila, jinsia, fedha na mamlaka. Swali letu ni hili: je, vipindi hivyo vinatufundisha kweli jinsi jamii inavyojengwa, au vinatupa jina jipya tu la kuitia jambo tulilokwisha kulijua? Jibu tutalitafuta kwa kuvilinganisha na mchezo wa redio uliotayarishwa hapa hapa Bujumbura, ambao haukudai kuwa wa kifalsafa.

Nadharia yenyewe ilipata umaarufu mwaka 1966, Peter Berger na Thomas Luckmann walipochapisha kitabu chao juu ya namna uhalisi wa kijamii unavyojengwa. Inasema kwamba mambo mengi tunayoyadhania kuwa ya asili yametengenezwa na watu katika maisha yao ya pamoja, kisha yakarithishwa hadi yakaonekana kama mlima au mvua. Mfano hauko mbali. Sisi tunaoandika haya ni wakazi wa Gasenyi, upande wa kaskazini wa Bujumbura, ilipo Ikulu ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 2019. Kuta zake ni za saruji na chuma, nazo zingesimama hata kama sote tungezisahau. Lakini kuwa ikulu si kazi ya saruji. Ni kazi ya sheria, heshima na makubaliano. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyoufanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa na kuiachia Bujumbura hadhi ya mji mkuu wa kiuchumi. Siku ile hakuna jiwe lililohama kutoka mji mmoja kwenda mwingine, na hata hivyo mengi yalibadilika. Mwanafalsafa wa Marekani John Searle, katika kitabu chake cha mwaka 1995, alizitenga aina hizi mbili za mambo: yale yaliyopo bila makubaliano yetu na yale yaliyopo kwa sababu twayakubali pamoja. Noti ya faranga ni karatasi kwa upande mmoja na fedha kwa upande wa pili.

Hapa mwalimu wa Kiswahili hana budi kusimama kidogo aangalie lugha. Tumewasikia baadhi ya wenzetu wakiyaita mambo hayo kuwa ni "ya kubuni". Twaona kwamba neno hilo halifai. Katika Kiswahili, jambo la kubuni ni la hadithi, au la mtu aliyekaa peke yake akatunga; aidha, halina nafasi kubwa baina yake na uzushi. Kitenzi "kujenga" ni bora zaidi, kwa sababu twasema kujenga nyumba, kujenga taifa, kujenga mazoea, na hata kujenga uadui. Nyumba iliyojengwa si uzushi. Ina paa linalozuia mvua na mlango unaoweza kumfungia mtu nje. Tena nyumba hujengwa kwa mikono mingi, na haibomoki kwa sababu mtu mmoja amefumba macho. Msomaji na aishike tofauti hii, maana uhakiki wetu wote umesimama juu yake.

Tuanze na fani. Podikasti za falsafa zenye wasikilizaji wengi zimetoka Uingereza na Marekani, nazo zina mitindo mitatu mikuu. Wa kwanza ni wa sauti moja, kama ule wa Philosophize This!, ambayo Stephen West aliianzisha mwaka 2013: mtu mmoja humfafanulia msikilizaji mawazo ya wanafalsafa kwa lugha nyepesi. Wa pili ni baraza la wataalamu, kama In Our Time ya BBC, iliyoanza mwaka 1998 ikiwa kipindi cha redio na ambayo Melvyn Bragg aliiongoza kwa zaidi ya robo karne: mwenyekiti huwauliza maswali wanazuoni watatu. Wa tatu ni mazungumzo ya marafiki, kama The Partially Examined Life ya mwaka 2009, ambamo watu waliowahi kusomea falsafa hujadili kitabu walichokisoma.

Sifa za vipindi hivi hatuzikani. Vina uvumilivu ambao magazeti na hotuba za siku hizi vimeupoteza: wazo moja hupewa muda wa kutosha, hupingwa, husahihishwa, kisha hurudiwa. Mwanafunzi asiye na maktaba karibu naye hupata darasa bila ya ada, mradi ana simu na fedha ya intaneti. Lakini katika mitindo yote mitatu hukosekana kitu kimoja, nacho ni mhusika. Hakuna mtu anayepata hasara kwa ajili ya wazo linalojadiliwa. Hakuna mama anayeogopa kwenda kisimani kwa sababu ya kabila la mumewe. Wazo huelea juu kama tiara, na msikilizaji hulitazama kwa kupendezwa, kisha huendelea na safari yake.

Upungufu huo wa fani huzaa kosa katika maudhui. Katika mazungumzo mengi ya aina hii, hasa yale ya kuiga yanayotengenezwa haraka, husikika hoja hii: jambo fulani limejengwa na jamii, kwa hiyo si la kweli, na kwa hiyo lapasa kupuuzwa. Historia ya Burundi inaikanusha hoja hiyo kwa nguvu. Wahutu, Watutsi na Watwa husema lugha moja, Kirundi, na wamekaa pamoja katika vilima vile vile. Tofauti zao za zamani zilikazwa na kupewa sura mpya na utawala wa Kibelgiji. Mwanahistoria Joseph Gahama ameonyesha jinsi machifu Wahutu walivyoondolewa katika madaraka: mwaka 1929 walikuwapo, na kufikia mwaka 1945 hakubaki hata mmoja. Huo ni ujenzi wa kijamii ulio wazi kabisa, wenye tarehe na wenye majina ya wajenzi wake.

Je, kwa kuwa umejengwa, ungeweza kuondolewa kwa kunyamaziwa? Njia hiyo ilijaribiwa. Katika utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, kuanzia mwaka 1976 hadi 1987, msimamo rasmi ulikuwa kwamba makabila hayapo, na kuyataja hadharani kulikatazwa. Agosti 1988 yakatokea mauaji ya Ntega na Marangara, na baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, nchi ikaingia katika vita virefu. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, na Katiba ya mwaka 2005 iliyoufuata, ulishika njia nyingine: makabila yalitajwa kwa majina na kugawiwa viti, asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi katika Bunge, pamoja na nafasi za Watwa. Mtu aweza kuusifu au kuulaumu mgao huo, lakini hawezi kusema kwamba waliouandika walikuwa wakigawana hewa. Walijua kwamba ukuta uliojengwa na watu hukuumiza kama ukuta wowote ukijigonga nao.

Sasa tuutazame mchezo wetu. Umubanyi Niwe Muryango, jina tunaloweza kulifasiri "Jirani ndiye ndugu", ulianza kurushwa mwaka 1997, vita vikiwa bado vinaendelea. Uliandikwa kwa Kirundi na Marie-Louise Sibazuri, ukatayarishwa na Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995 na shirika la Search for Common Ground. Studio hiyo iliwaweka waandishi Wahutu na Watutsi kufanya kazi bega kwa bega wakati mitaa mingi ya mji huu ilikuwa imegawanyika kwa kabila. Hadithi yenyewe ni ya familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, nayo iliendelea kwa mamia ya vipindi.

Uteuzi wa ujirani kuwa uwanja wa mchezo ndio siri ya nguvu yake. Ukuta wa ukabila haujengwi na wanasiasa peke yao. Hupandishwa kila siku kwa matofali madogo: salamu isiyojibiwa, mtoto anayekatazwa kucheza na mwenzake, uvumi unaopokewa bila kuulizwa ulikotoka. Nadharia husema kwamba jamii hujengwa kwa mazoea. Hadithi ya majirani humwezesha msikilizaji kuliona tofali likiwa bado mkononi mwa mjenzi, kabla halijawekwa. Hapo ndipo aweza kujiuliza kama yeye naye hakubeba la kwake asubuhi ile. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mtu ni watu. Methali hiyo ina falsafa nzima ndani yake, lakini yahitaji watu ili ieleweke.

Liko jambo la pili, nalo latuhusu sana sisi walimu. Mchezo wa redio, kwa desturi za nchi hizi, husikilizwa na wengi pamoja, uani au chini ya mti. Elizabeth Levy Paluck, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya Musekeweya, mchezo wa redio wa upatanisho ulioanza nchini Rwanda mwaka 2004. Kwa muda wa mwaka mmoja vikundi fulani vilisikiliza mchezo huo, na vingine vikasikiliza mchezo wa mambo ya afya. Imani za moyoni za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni fikira zao juu ya yapi yanakubalika katika jamii yao, na pia mwenendo wao. Mwishoni vikundi vilipewa redio ya kaseti pamoja na kanda. Wale wa mchezo wa afya waliafikiana upesi kumkabidhi kiongozi wa mahali; wale wa Musekeweya walibishana, wakapendekeza namna za kuitunza wenyewe kwa pamoja. Hapana budi kukumbuka pia upande wa giza: RTLM, iliyoanza matangazo yake mwaka 1993 nchini humo humo, ilitumia sauti iliyosikiwa na wengi kumfanya kila mmoja adhani kwamba chuki imekwisha kuwa sheria ya wote. Kwa hiyo nguvu ya kusikiliza pamoja si ya baraka daima. Lakini ni nguvu, na podikasti inayosikilizwa na mtu mmoja, kwa vifaa vya masikioni, haina nguvu hiyo.

Msomaji aweza kutupinga, na pingamizi lake lina uzito. Kwanza, mchezo wa majirani haukuvizima vita kwa usiku mmoja, wala haukuizuia misiba iliyofuata. Pili, zipo nyakati ambapo kusikiliza kwa faragha ndiko kusikiliza pekee kunakowezekana. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo kadhaa vya redio za binafsi Bujumbura vilishambuliwa vikanyamaza. Baadhi ya waandishi waliokimbilia nje walirekodi habari zao na kuzisambaza kwa intaneti, na watu wakazipokea katika simu zao. Vilevile binti anayetaka kuelewa kwa nini aambiwe kwamba kazi fulani si ya wanawake huenda asiweze kuuliza mbele ya wazee wake. Kwake yeye podikasti ni mlango. Twakubali yote hayo. Hata hivyo mlango hauwi nyumba. Aliyefunguka macho peke yake hurudi katika jamii ile ile, na jamii hiyo haijui alichokisikia.

Basi tufanye nini? Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alifundisha kwamba mtoto hujifunza kwanza baina yake na wenzake, ndipo elimu ikaingia ndani ya nafsi yake. Walimu tukifuata fundisho hilo, tutaitoa podikasti masikioni mwa mmoja na kuiweka katikati ya darasa. Tusikilize kipande kifupi pamoja, tukizime, kisha tuulize maswali matatu: jambo hili lilijengwa na nani? Linamfaidi nani? Sisi tunafanya nini kila siku kulisimamisha? Baadaye wanafunzi watunge mchezo mfupi wa Kiswahili, wenye wahusika wanaopata na wanaokosa, wausome mbele ya wenzao.

Mada ya kuanzia hatuna haja ya kuiagiza kutoka ng'ambo. Ichukuliwe "Mswahili", jina ambalo hapa Burundi limebebeshwa maana ya mjanja asiyeaminika. Kiswahili kinafundishwa katika shule zetu za msingi pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, na bado mtoto aweza kupata alama nzuri katika lugha huku akiwadharau wenye lugha. Mwambieni, ndugu walimu, kwamba Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi na wasemaji wengi wa Kiswahili, ni miongoni mwa mitaa ya Bujumbura iliyobaki na watu mchanganyiko katika miaka ya vita, wakati mitaa mingine ilipokuwa ikifukuza majirani. Kisha mwulizeni ni nani aliyelijenga jina hilo hata likawa tusi, na ni nani atakayelijenga upya. Jibu la swali la pili limeketi darasani, nalo ni wao.