Hoffman: Kutoka Mlango wa Hubble hadi Darasa la MIT

Jeffrey Hoffman aliruka angani mara 5 kati ya 1985 na 1996, akawa mwanaanga wa kwanza kufikisha saa 1,000 ndani ya Space Shuttle. Rekodi hiyo husifiwa sana. Kwangu, kubwa zaidi ni jinsi alivyozigeuza hitilafu za angani kuwa somo la uhandisi.

Aprili 1985, setilaiti iliyoachiwa kutoka chombo cha Discovery ilikataa kuwaka. Ikadhaniwa swichi ya ubavuni haikufyatuka. Wanaanga wakaunda kifaa mfano wa kipigia nzi cha kuinasa, kwa majalada ya plastiki na utepe wa gundi. Hoffman na David Griggs wakatoka nje kukifunga kwenye ncha ya mkono wa roboti. Swichi ikanaswa, setilaiti ikabaki kimya. Jaribio hilo halikupotea bure, maana liliiondolea swichi lawama, na wahandisi wakageukia mfumo wa umeme. Agosti mwaka huohuo wanaanga wengine waliitengeneza.

Desemba 1993 ikaja zamu ya kuitengeneza darubini ya Hubble, ambayo kioo chake kilisuguliwa kikazidi ubapa ukingoni kwa takriban mikromita 2. Hoffman na Story Musgrave walipomaliza kubadilisha jairoskopu, vifaa vya kuhisi mzunguko wa darubini, milango ya sehemu hiyo iligoma kufungika. Ukibana juu, chini kunaachia. Wakafunga mkanda wa kukazia, wakaivuta kidogokidogo, mmoja juu, mwenzake chini, mpaka ikakaa.

Mtu aliyepitia hayo hawezi kufundisha uhandisi kama orodha ya kanuni. Mwaka 2005, akiwa profesa katika chuo kikuu cha MIT, aliungana na Aaron Cohen, aliyewahi kusimamia ujenzi wa Shuttle, wakawaita darasani waliokibuni chombo hicho waeleze walichoamua na kwa nini. Kisha wanafunzi wakachagua mfumo mmojammoja, wakauchambua na kuubuni upya kwa teknolojia ya wakati wao. Hapo ndipo penye nguvu ya mbinu yake: mwanafunzi anaona uzito, bajeti na muda vikivutana kabla mchoro haujakamilika.

Kufundisha hakukumtoa kwenye uhandisi wenyewe: baadaye alikuwa naibu kiongozi wa MOXIE, mtambo uliotenganisha oksijeni na hewa ukaa ya Mirihi kwa umeme, katika joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Kati ya 2021 na 2023 ulizalisha gramu 122.

Mihadhara ya kozi ile ya Shuttle ilirekodiwa, na MIT huitoa bure mtandaoni. Mwalimu wa uhandisi, itazame, kisha uwaite darasani kwako waliojenga daraja au mtambo ulio karibu nawe.