Rayvanny: Kalamu Iliyotangulia Sauti

Raymond Shaban Mwakyusa, tunayemfahamu kwa jina la Rayvanny, alizaliwa Mbeya mwaka 1993. Ukoo wake una jina la Kinyakyusa, na kijana wa Masukulu au Tukuyu, huko kwa Wanyakyusa, anayetamani muziki ana kila sababu ya kuichunguza safari yake. Mwaka 2017 alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa tuzo ya BET. Novemba 2021 alipanda jukwaa la tuzo za MTV za Ulaya, mjini Budapest, pamoja na mwimbaji Maluma wa Kolombia. Mazungumzo mengi kuhusu mafanikio hayo huishia kwenye sauti yake na jina la lebo iliyomlea. Mimi nashikilia kwamba kilichomfikisha huko kwanza ni utunzi, tena utunzi ulionolewa kwenye rap.

Rayvanny alianza kama rapa, na mwaka 2011 alishinda shindano la mitindo huru. Rapa hana melodia ya kumfichia udhaifu. Silabi zikizidi, biti inamwacha. Zikipungua, pengo linasikika. Anayezoea kazi hiyo hujifunza kupima mstari kwa sikio na kukijua kina kabla hajakifikia. Alipopita kundi la Tip Top Connection jijini Dar es Salaam, kisha akajiunga na WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka 2015, nidhamu hiyo aliihamishia kwenye uimbaji. Isikilize "Kwetu" ya mwaka 2016: kwenye beti maneno yanakwenda yamebanana, karibu kama ya rapa, ila yamelazwa juu ya melodia laini. Kikifika kiitikio, maneno yanapungua na irabu zinavutwa. Msikilizaji aliyekuwa akifuatilia habari anapata mahali pa kuimba naye. Mpangilio huo ni kazi ya mtunzi, na sauti nzuri peke yake haiwezi kuuleta.

Ushahidi mzito zaidi ni "Tetema" ya mwaka 2019, aliyoimba na Diamond Platnumz kwenye biti ya mtayarishaji S2kizzy. Uzito wote wa kiitikio umewekwa kwenye kitenzi kimoja cha kuamrisha: te-te-ma. Ni silabi tatu, kila moja inaishia kwa irabu. T mbili zinagonga, m inazilainisha, na mkazo unaangukia katikati. Hata asiyejua Kiswahili analitamka neno hili baada ya kulisikia mara moja. Kihispania, lugha ya Maluma, nacho kina maneno mengi yanayoishia kwa irabu, kwa hiyo alipoingia kwenye "Mama Tetema", toleo jipya la wimbo huo, mwaka 2021, neno hilo halikumkwaza mdomoni. Lugha ilibadilika kwenye beti, kiini cha kiitikio kikabaki Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba bila Diamond na WCB tusingekuwa na habari hii. Ni kweli lebo ilimpa studio, video na masikio ya watu, na hayo si madogo. Lakini lebo hufungua mlango tu. Haiwezi kumfanya msikilizaji aurudie wimbo miaka miwili baadaye, wala kumshawishi nyota wa bara lingine autake. Wengine watasema maneno ya "Tetema" ni mepesi, hayana fikra. Wimbo wa kucheza hupimwa kwa jinsi unavyouamsha mwili, na wepesi wa namna hiyo una mahesabu yake. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni wimbo wake "Mwanza", ambao Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia mwaka 2018 kwa maudhui yasiyo na maadili. Hapo ufundi wa mafumbo ulivuka mpaka, na sioni haja ya kuutetea. Hata hivyo tukio hilo linathibitisha kwamba maneno yake yana nguvu, na mwenye nguvu hiyo anawajibika nayo.

Mwaka 2021 alianzisha lebo yake, Next Level Music, na Julai 2022 akatangaza kuondoka WCB. Msanii anapohama, nyimbo alizokwisha kurekodi hufuata mikataba. Uwezo wa kutunga nyingine anaondoka nao. Ndiyo maana kutunga ni mtaji wa kwanza kwa kijana aliye mbali na studio kubwa. Kuhesabu silabi, kukata mstari usio na kazi, kutafuta neno ambalo mtoto na mgeni wote watalitamka: yote hayo yanawezekana Masukulu leo, kwa daftari na kalamu. Studio itagharimu fedha kila siku atakayoingia, na wimbo ulioandikwa vizuri ndio utakaoifanya fedha hiyo isipotee.