Chaipau na Mwandishi wa Barua

Kuna sehemu fupi katika filamu ya Salaam Bombay! (1988) ambapo mvulana asiyejua kuandika anamwendea mwandishi wa barua wa barabarani ili amwandikie mama yake. Mvulana ni Krishna. Mtaa umeshambandika jina la Chaipau kwa sababu kazi yake ni kusambaza chai, na anayemwigiza ni Shafiq Syed. Mwandishi wa barua ni kijana mrefu, mwembamba, anayetoka chuo cha kitaifa cha uigizaji cha Delhi. Jina lake Irrfan Khan. Alikuwa amechukuliwa kwa nafasi kubwa zaidi, ikapunguzwa hadi ikabaki hiyo ya kuandika barua.

Yaliyofuata tunayajua. Irrfan alipanda hadi The Namesake, Slumdog Millionaire na Life of Pi, na alipofariki mwaka wa 2020 aliombolezwa kila pembe ya dunia. Shafiq, aliyeibeba filamu nzima mabegani, alipewa Tuzo ya Taifa ya India ya mwigizaji bora mtoto, akaonekana tena katika Patang ya Goutam Ghose, basi. Alibisha milango ya watengenezaji filamu Bombay, haikufunguka. Akarudi kwao Bangalore, akawa dereva wa tuktuk.

Kila baada ya miaka kadhaa habari hii hufufuliwa na kusimuliwa kwa sauti ileile: maskini, tazameni nyota alipoishia! Mimi sauti hiyo hainiingii. Tuktuk si aibu. Kuna watu Mombasa na Kisumu wamesomesha watoto kwa tuktuk. Kinachonikera ni ile sifa aliyopewa Shafiq tangu mwanzo, kwamba ana "uasilia". Ati hakuigiza, alikuwa tu. Ni chokoraa aliyecheza chokoraa, sasa hapo kazi iko wapi?

Kazi ilikuwepo, tena nyingi. Mira Nair na mwandishi wa filamu hiyo, Sooni Taraporevala, waliwakusanya watoto wa mitaani na kuwapeleka kwa mwalimu wa uigizaji, Barry John, wakafanya mazoezi kwa wiki kadhaa kabla ya kamera kuwashwa. Shafiq mwenyewe amesimulia kwamba waliahidiwa rupia 20 kwa siku. Wenzake wengine walitoroka wakidhani ni matapeli, yeye akafuata kwa sababu alikuwa na njaa. Watoto hao walikuwa wamelelewa na filamu za Kihindi, na walichojua kuhusu uigizaji ni zile mbwembwe za mastaa: kurusha mikono, kukodoa macho. Ilibidi waziache kwanza. Kwa hivyo ule utulivu tunaousifu kuwa ni wa asili ni kitu alichofunzwa mtoto, akakishika, akakitawala.

Tazama anavyobadilika ndani ya hadithi. Krishna amefukuzwa nyumbani kwa kuchoma pikipiki iliyokuwa mikononi mwa kaka yake, na hawezi kurudi bila rupia 500. Mwanzoni anahesabu senti zake kama mtu aliye safarini. Anamtunza Chillum, yule teja anayeigizwa na Raghuvir Yadav, mpaka mauti. Kufikia siku anapomchoma kisu Baba, muuza dawa za kulevya, uso wake umeshakomaa. Halafu umati wa sherehe ya Ganesha unamtenganisha na Rekha, anaketi peke yake na pia yake, ile ya kuzungusha kwa uzi, na kamera inakaa naye muda mrefu bila neno lolote. Mwigizaji mzima angejikaza alie vizuri mahali pale. Shafiq hajikazi. Hiyo ni hesabu ya mwigizaji, na ukiiita bahati umemdhulumu mara ya pili.

Neno "uasilia" lina faida kwa anayelitumia. Ikiwa mtoto hakufanya kazi, hakuna fundi wa kuendelezwa wala wa kuitwa kwa filamu inayofuata. Irrfan alikuwa na cheti cha chuo, kwa hivyo hata ile barua moja ilihesabiwa kuwa mwanzo wa safari. Shafiq alikuwa na mtaa, na mtaa hautoi cheti.

Nair hastahili kutupiwa lawama zote. Filamu ilipofanikiwa, ikachukua Caméra d'Or kule Cannes, ilizaa Salaam Baalak Trust, shirika linalowahudumia watoto wa mitaani India hadi leo. Wakurugenzi wangapi wamefanya hata robo ya hayo? Ila shirika lilimwona mtoto wa mitaani. Yule mwigizaji hakupata shirika lake.

Na kisa hiki hakiko mbali nasi. Ni Nair huyuhuyu, mkazi wa Kampala kwa miaka mingi, aliyetengeneza Queen of Katwe (2016). Madina Nalwanga alipatikana katika darasa la ngoma, na habari kuhusu filamu hiyo hazikukosa kutaja kwamba naye aliwahi kuuza mahindi barabarani kama Phiona anayemwigiza. Kweli aliuza. Lakini aliyemfikisha pale mbele ya kamera ni ngoma, miaka ya kuusomesha mwili wake kusimama na kugeuka, na hiyo ilitajwa kama njia tu ya kumpata. Katika sehemu za mchezo wa sataranji, mabega yake husema kabla ya mdomo. Muuza mahindi yeyote hawezi hivyo.

Krishna hakupata kurudi nyumbani na rupia zake 500. Shafiq alirudi Bangalore, akaoa, akalea watoto kwa nauli za abiria. Baadaye alifanya kazi pia na vikundi vinavyorekodi tamthilia za televisheni za Kikannada, upande wa nyuma wa kamera.